Nilificha Somo la Nguruwe Dume, Mama wa Watu Akaitwa Mchawi

Mimi ni mkosaji. Naanza hivyo ili msije mkanihurumia mapema mkasema, "Maskini, mtoto wa watu, aliona haya tu." Haya zangu zimemtoa mwanamke kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Nguruwe wamekufa, kikundi kimevunjika, na anayesemwa ni yeye. Mimi bado naitwa binti mwenye adabu!

Mhariri, jina langu usiliandike. La kijiji nalo liache. Andika tu kwamba ni pwani ya Nyasa, upande wetu wa Ruvuma. Wanaotujua watatujua.

Kwa kusema mimi si hodari. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linafika kooni halafu linarudi lilikotoka. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna anayeniangalia.

Nilizaliwa ng'ambo, Malawi. Baba alikuwa akifanya kazi huko, na utoto wangu wote wa kwanza lugha yangu ilikuwa Kinyanja cha bibi mzaa baba. Baba alipofariki, mjomba, yaani kaka yake mama, alivuka ziwa akatuchukua mimi na mama, akatujengea chumba uani kwake. Ndiye aliyenipeleka sekondari. Sare yeye, viatu yeye, daftari yeye.

Mtu huyo sijawahi kumtazama usoni nikiongea naye. Chakula chake kikipungua chumvi, anamwambia mama, sio mimi. Mimi nikihitaji kalamu namwambia mama, mama anamwambia mke wa mjomba, na mke wa mjomba ndiye anayemwambia mwenyewe. Kwetu ndiyo heshima hiyo, na mimi niliishika kwa mikono miwili.

Sasa sikieni ilivyokuwa.

Wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala. Huko milimani wenye kahawa walikuwa wanafuatwa mpaka mlangoni na wanunuzi binafsi wenye magari yao, lakini mbolea ya mkopo hakuna tena. Sisi wa ziwani ndiyo kabisa. Bwana mifugo wetu alipunguzwa kazini, akafungua duka la sabuni na chumvi. Ukimuuliza habari ya ng'ombe mgonjwa anakujibu, "Serikali imeniacha, na mimi nimeacha ng'ombe."

Redioni kila siku ni soko huria, kila mtu ajitegemee. Mjomba akasema, "Haya, basi na sisi tujitegemee kwa nguruwe."

Wakaanzisha kikundi. Mjomba akawa mwenyekiti. Alikuwemo katekista mstaafu, mzee mcheshi ambaye hakuna jambo asilolijua. Alikuwemo na Mama Stela.

Mama Stela ni Mmatengo wa Mbuji, huko juu milimani. Aliolewa na mvuvi wa kwetu, mumewe akafariki, yeye akabaki na watoto kwenye nyumba yake. Ni mwanamke mwenye kauli kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Nguruwe wake walikuwa safi kuliko baadhi ya watoto wa kijiji, na hilo alilisema mwenyewe, mbele ya mama zao.

Mradi mmoja wa kanisa ukaahidi kutupa nguruwe dume wa mbegu bora. Dume mmoja atakuja kwetu, mwingine ataenda kikundi cha kijiji cha jirani, nyuma ya kilima. Ila kwanza viongozi waende Malawi, kwenye chuo cha wakulima, wakajifunze ufugaji. Na huko wanafundisha kwa Kinyanja.

"Mkalimani wa nini?" katekista akasema. "Mimi Kinyanja nakijua."

Kumbe alikijua cha kununua sukari! Mama akamwambia mke wa mjomba kwamba mimi bado nakikumbuka vizuri. Ilikuwa likizo. Nikachaguliwa.

Niliwahi kufurahi maishani? Siku ile nilifurahi. Niliwaza wazee wote wale watanisubiri mimi niseme ndipo waelewe.

Tulipanda meli Mbamba Bay. Mama Stela, na kauli yake yote, alikuwa hajawahi kupanda hata mtumbwi. Meli ilipoanza kutikisika alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mwanangu," akaniambia, "kwetu Mbuji maji yanakaa kwenye mtungi. Haya ya kwenu nani aliyaachia?"

Katekista akacheka. Muda si mrefu akawa yeye ndiye anatapika, na Mama Stela ndiye anamshikia kofia.

Chuo chenyewe kilinishangaza. Sisi shuleni kwetu kilimo ni adhabu. Ukichelewa namba ya asubuhi, unapimiwa kipande cha kulima. Ukiongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, unapimiwa kipande. Mwalimu akikukasirikia anakuambia, "Usiposoma utaishia kushika jembe," halafu hapo hapo anakukabidhi jembe. Kule niliwakuta vijana wa rika langu, wavulana kwa wasichana, wamevaa ovaroli, wanapima urefu wa nguruwe kwa utepe kama fundi cherehani na kuandika ubaoni. Hakuna aliyekuwa anaadhibiwa. Walikuwa wanasoma!

Msichana mmoja, Tiwonge, alipangiwa kututembeza. Alinionyesha jike mwenye mimba akamkandakanda tumbo mbele ya wanaume, akataja kila kiungo kwa jina lake. Masikio yangu yalipata moto. Yeye hata hakupepesa jicho.

Siku ya kwanza nilifasiri vizuri. Banda liinuliwe, sakafu ikauke, pumba ichanganywe na majani gani, maji yasikose. Mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa, na niliona anajivuna. Nilimsikia akimwambia katekista, "Mtoto wa dada huyo."

Siku ya pili likaja somo la dume.

Mwalimu wao, Bwana Mwale, alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anafundisha kwa mikono yote miwili. Alitupanga kando ya banda. Mjomba akasimama kushoto kwangu, katekista kulia, Mama Stela nyuma. Mwalimu akaanza.

Leo nayaandika yote aliyoyasema. Alisema dume asikae sehemu moja muda mrefu. Watoto wa kike aliowazaa wakikaribia kukomaa, dume huyo aondolewe, maana akiwapanda binti zake mwenyewe damu inajirudia. Alisema mtaona vitoto vichache, dhaifu, vingine vinazaliwa bila tundu la kutolea haja. Dawa yake ni nyepesi: badilishaneni madume na kikundi cha jirani. Dume wenu aende kwao, wa kwao aje kwenu.

Kisha akaeleza jinsi ya kumjua jike anayehitaji dume. Sehemu zake zinavimba na kuwa nyekundu, na ukimkandamiza mgongoni anasimama kama amegandishwa. Akamkandamiza mmoja tuone. Wanafunzi wakacheka. Na yule dume, kana kwamba alisikia anatajwa, akaanza mambo yake hapo hapo mbele ya macho yetu!

Bwana Mwale akageuka kwangu. "Haya, waambie."

Mungu wangu.

Kinyanja nilikielewa. Neno kwa neno nilikielewa! Ingekuwa sikuelewa ningekuwa na pa kujificha leo. Lakini niseme nini? Mimi, niseme "kupanda," niseme "sehemu zake zinavimba," mbele ya mjomba? Niseme baba na binti zake? Mtu ambaye hata kalamu siwezi kumuomba?

"Anasemaje?" mjomba akauliza, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake.

"Anasema... Anasema nguruwe wapewe maji safi."

Katekista akanigeukia.

"Maji?" katekista akauliza. "Yale yote aliyokuwa anaonyesha kwa mikono ni maji?"

"Na banda liwe kavu."

"Hayo si ya jana, mjukuu?"

"Amerudia, babu. Anasema ni muhimu."

Mama Stela nyuma yangu akaguna. Mjomba akasema haraka haraka, "Sawa, sawa, tumeelewa, mwalimu aendelee." Nadhani na yeye aliona nafuu. Lakini yeye hakujua alichonyimwa. Mimi nilijua.

Bwana Mwale akaniuliza, "Wameelewa?"

"Wameelewa."

Tiwonge alinitazama kwa upande. Baadaye, tukinawa mikono, akaniuliza kwa Kinyanja, "Mwalimu amesema maneno mengi, wewe umesema machache. Kiswahili ni kifupi hivyo?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamdanganya na yeye.

Na hapa ndipo hasa ninapojichukia. Jioni ile, bwenini kwa wanawake, Mama Stela alinivuta pembeni. Tulikuwa wawili tu.

"Mwanangu, mimi si mjomba wako," akasema. "Mimi ni mama, nimezaa. Yule bwana alisema nini kweli pale bandani? Nong'ona tu sikioni."

Jamani, mlango ulikuwa wazi! Mwanamke kwa mwanamke, hakuna mwanaume wa kusikia. Kwetu ndivyo mambo hayo yanavyopitishwa tangu enzi. Ningemnong'oneza yeye, yeye angejua jinsi ya kuyafikisha kwa wanaume. Lakini ningemwambia, angejua kwamba bandani nilidanganya. Angecheka kile kicheko chake, na wote wangejua.

"Ni hayo hayo, mama," nikasema. "Maji na banda."

Akanitazama. "Haya," akasema, akaenda kulala.

Tuliporudi, dume akaletwa. Mkubwa, mweupe, masikio yamelala. Katekista akampa jina Diwani. Alisema, "Kwa sababu anakula kwa watu wote na shamba hana."

Diwani akawekwa kwa Mama Stela, maana banda lake ndilo lililokuwa bora. Na Mama Stela akayafanya yote niliyoyafasiri. Yote! Maji asubuhi, maji jioni. Banda kavu hata wakati wa masika, akibadilisha majani kwa mikono yake. Likizoni, kila nilipopita nikielekea ziwani kuchota maji alikuwa ananiita: "Mkalimani! Njoo uone kama nakosea!"

Nilikuwa naona. Sikusema.

Uzao wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Kila jike alizaa, vitoto vinene, vinang'ang'ania chuchu. Mjomba aliimba njia nzima kutoka bandani. Na mimi nikajidanganya: labda Bwana Mwale aliongeza chumvi. Labda nguruwe wa kwetu ni wagumu. Wanakikundi wakawabakiza majike wazuri wakue, wazae na wao. Na walipokua, wakapelekwa kwa Diwani, baba yao.

Ningesema wakati ule, ingetosha. Dume mwingine alikuwa nyuma ya kilima tu! Siku moja ya kumswaga, basi. Nilikuwa nimerudi shuleni, najua wanapelekwa, na usiku na mchana nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama. Nikasema nitasema likizo.

Likizo ilipofika, jike wa mjomba, mmoja wa wale binti za Diwani, akashikwa na uchungu. Mama Stela aliitwa kuja kumzalisha, kama ilivyokuwa kawaida. Mimi nilishika ndoo ya maji ya moto.

Vilitoka vichache. Viwili vilikuwa vimekufa. Vilivyokuwa hai havikuwa na nguvu ya kuifikia chuchu. Mama Stela akakinyanyua kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Huyu atatolea wapi haja?" akauliza polepole.

Hakukuwa na tundu. Ngozi imefunga, laini, kama hakuna kitu kilichotakiwa kuwepo pale.

Niliangusha ndoo. Wakadhani nimeogopa.

Jike wa katekista akafuata, hali ile ile. Wengine wakafuata. Vitoto vikawa vinavimba tumbo na kufa vikilia, kilio ambacho mpaka leo nikifumba macho nakisikia. Watu walikuwa wameshapanga: huyu ada ya mtoto, huyu mabati, huyu mahari. Yote yakafa yakiwa yamevimba.

Maneno yakaanza ya chinichini. Nguruwe wote walipitia kwa nani? Anayewazalisha ni nani? Huyu wa milimani, mumewe naye alikufa kwa ugonjwa gani?

Mkutano ukaitwa kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee na madevu yao wamekaa kwenye madawati ya watoto. Mimi nilikaa nyuma na wanawake.

Katekista ndiye aliyeanza. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Mambo ya uchawi siyasemi. Nasema tu kwamba wako watu wana mkono, wakigusa kitu kinakufa."

"Sema jina!" Mama Stela akasimama. "Ulinitapikia melini nikakushikia kofia, babu, leo unashindwa kutaja jina langu?"

Watu wengine walicheka, lakini si kicheko kizuri.

"Tulikuwa wote ng'ambo," akaendelea. "Tulielezwa maji, tukaelezwa banda kavu, tukaelezwa chakula. Kipi ambacho sikufanya? Mtoto huyu hapa ndiye aliyetufasiria. Muulizeni! Simama, mwanangu, uwaambie."

Darasa zima likageuka.

Nikasimama. Mjomba alikuwa mbele, kwa mara ya kwanza ananitazama moja kwa moja. Maneno yalikuwa mdomoni. Yalikuwa mdomoni!

"Alifanya yote," nikasema. "Yote tuliyoambiwa amefanya."

Nilidhani namtetea. Jamani, nilidhani namtetea!

Mjomba akasema kwa huzuni, "Basi kama yote yamefanyika na bado wanakufa, kosa haliko bandani."

Hakusema liko wapi. Hakukuwa na haja. Kila jicho lilienda kwa Mama Stela. Na yeye alikuwa ananitazama mimi, bado ananipa nafasi, kama vile bwenini. Nikakaa chini.

Diwani akachinjwa. Hakuna aliyekubali kula nyama yake, ikafukiwa. Nyama yote ile, kijiji chote kile!

Baada ya hapo Mama Stela akawa mtu wa peke yake. Akifika mahali pa kuchotea maji, wenzake wanakumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Mtoto wake mdogo alitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, akaambiwa moto umezimika, na huku moshi unafuka jikoni. Siku moja alifunga mlango, akapakia vitu vyake na watoto kwenye lori lililokuwa linapandisha samaki Mbinga. Hakuna aliyetoka nje kumuaga. Na mimi nilichungulia tu dirishani.

Stela, binti yake, alikuwa darasa la saba, na alikuwa wa kwanza darasani. Mtihani hakuufanya.

Nilishindwa kula. Mama alidhani ni malaria. Aliponiuliza mara nyingi ndipo nikamwambia, nikiwa nimefunika uso kwa kanga. Nilimwambia yote, mpaka yale maneno. Mnajua ilichukua muda gani? Kitambo cha kuchambua bakuli la mchele. Kitu nilichokiogopa muda wote ule!

Mama hakunipiga. Alimwambia mke wa mjomba. Mke wa mjomba akamwambia mjomba. Heshima ikafika salama, bila mtu yeyote kufa kwa aibu. Kumbe njia ilikuwepo siku zote.

Mjomba akaniita uani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mjomba."

Akaokota kijiti, akachora chini. Kisha akasema, "Umeshasema. Basi. Isitoke hapa."

"Mjomba, lakini Mama Stela..."

"Nimesema isitoke!" Halafu sauti ikashuka. "Mimi ndiye niliyefunga ule mkutano. Nikisimama leo niseme tulimuonea, nani atanisikiliza tena? Na wewe watakufanya nini, umelifikiria? Watu wamepoteza mali. Nakulinda, mwanangu."

Labda alikuwa ananilinda. Lakini niligundua siku ile kwamba na mjomba anaona haya, na haya za mtu mzima ni mbaya kuliko zangu, kwa sababu ana amri ya kuzifunikia.

Likizo iliyofuata niliaga nyumbani kwamba naenda milimani kuchuma kahawa kwa kibarua, kama wanafunzi wengi wanavyofanya. Nilifika Mbuji nikiulizia njia.

Nilimkuta mtelemkoni na Stela, wanalima ngolo, yale mashimo yao Wamatengo wanayoyapanga mlima mzima ili mvua isishushe udongo. Amekonda. Stela aliponiona aliendelea kulima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia, mkalimani?"

Nikapiga magoti kwenye udongo nikamwambia. Maneno yote ya Bwana Mwale, moja moja, bila kuruka.

Kwanza akacheka! Kile kicheko chake cha zamani, mpaka akashika jembe asianguke. "Ndiyo hayo? Kupanda? Mwanangu, hayo si kuku wanayafanya uani kila siku na watoto wa chekechea wanaangalia?"

Kisha kicheko kikabadilika akiwa bado anacheka. Akakaa chini, akafuta uso kwa kiganja chenye udongo. Stela alisimamisha jembe. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Nisamehe, mama. Nimekuja kukuambia ukweli."

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba si mchawi. Kawaambie wasiojua."

Hakuniambia amenisamehe. Alinipa chakula, akanionyesha pa kulala, na asubuhi Stela akanisindikiza mpaka barabarani. Alitangulia mbele, hakugeuka njia nzima.

Ndiyo maana naandika.

Enyi wenzangu mnaoitwa watulivu, mnaosifiwa kwa kuwa hamsemi sana, ogopeni sifa hiyo. Ukipewa kazi ya kuwasemea watu wazima, kitu usichoweza kukitamka usikibadilishe. Sema tu, "Hili mimi siwezi, mtafuteni mwingine." Watakucheka jioni moja. Au mtafute mama yako, shangazi yako, mwanamke yeyote, umnong'oneze. Na ninyi wakubwa, mtoto akigeuza hotuba ndefu kuwa neno moja la maji, msishukuru kwamba mmeepushwa na aibu. Ulizeni tena!

Na ninyi wa kijijini kwetu, najua mmeshatutambua. Mama Stela hana mkono. Nguruwe walikufa kwa sababu niliambiwa jinsi ya kuwaokoa nikanyamaza. Nyumba yake bado imefungwa, na nyasi zimefika dirishani. Nendeni Mbuji mkamwite. Muende wengi, muende mchana, kwa miguu yenu, mumwite kwa sauti.

Mjomba, shikamoo. Ulinikataza na sijakutii. Ukitaka kuniadhibu niko nyumbani, lakini kwanza mpelekee katekista gazeti hili, awasomee watu kwa sauti, na asiruke neno hata moja.